Diski ya C6 na C7 kwa mpakiaji wa lumbesa: kwa nini kizimba na bamba, siyo diski bandia

Mwanaume wa miaka 44, mpakiaji wa viazi Uyole, Mbeya. Kwa miaka ipatayo 20 kazi yake ni ile ile: anainama, wenzake wanamtwika gunia kati ya kisogo na bega la kushoto, anapanda ubao hadi kwenye bodi la lori, anashuka, anarudia. Sheria inataka gunia lisizidi kilo 100. Lumbesa, gunia lililojazwa kupita mdomo wake, hupita hapo. Anavuta sigara 10 kwa siku. Kisukari hana, presha iko sawa. Ni mgonjwa wa mfano: tumemfuma kutokana na mambo yanayojirudia kwa watu wa kazi kama yake, ili uamuzi mmoja ufuatwe tangu mwanzo hadi mwisho.

Uamuzi wenyewe ni wa kipandikizi kitakachokaa kati ya pingili ya sita na ya saba ya shingo (C6 na C7) baada ya diski kutolewa. Ndugu wa mgonjwa huuliza kwanza "anawekewa nini?", na hata wodini swali huwa hilo hilo. Lakini mshipa wa fahamu uliobanwa hutibiwa kwa kuondoa kinachoubana. Kipandikizi huja baadaye, kushika nafasi iliyobaki wazi, na kazi yake hiyo ya kushika nafasi ndiyo inayoweza kuharibika miezi kadhaa baada ya daktari kumaliza kazi nzuri.

Mkono unasema nini

Maumivu yalianzia ndani ya bawa la bega la kushoto, yakashuka nyuma ya mkono hadi kidole cha kati. Akipiga chafya, mkono unapigwa shoti. Usiku hulala ameweka kiganja cha kushoto juu ya utosi, maana ndivyo anavyopata nafuu. Dalili hiyo peke yake inaelekeza shingoni, kwa kuwa kuinua mkono hulegeza neva iliyovutika. Nyumbani alichuliwa, akachanjwa chale, akaambiwa ni baridi. Zahanati akapewa diklofenaki na vitamini B. Mwezi wa tatu ndipo alipogundua kwamba hawezi tena kulisukuma gunia likae sawa kwenye bodi, ingawa kulishika analishika vizuri.

Kushika anaweza, kusukuma hawezi: hiyo ni neva ya C7. Msuli wa traisepsi, unaonyoosha kiwiko, ulikuwa na nguvu 4 pungufu kati ya 5, na ulipimwa mkono ukiwa umeinuliwa juu ya kichwa ili aunyooshe dhidi ya uzito wake mwenyewe. Ukiupima mkono ukining'inia kando, mtu mwenye misuli ya kubeba magunia atakudanganya. Rifleksi ya traisepsi, yaani mruko wa msuli ukigongwa, haikuwepo kabisa. Ganzi ilikuwa kidole cha kati, mbele na nyuma. Baisepsi ilikuwa nzima, na kifundo cha mkono kiliinuka bila shida, hivyo C6 haikuhusika.

Shingo ina pingili 7 lakini jozi 8 za neva. Kila neva hutoka juu ya pingili ya namba yake, isipokuwa ya 8, inayotoka chini ya C7. Kwa hiyo diski iliyo kati ya C6 na C7 hubana neva ya C7. Kiunoni neva hutoka chini ya pingili ya namba yake, na wanaoihamishia hesabu hiyo shingoni hukosea diski.

Kikubwa zaidi kilikuwa kupima ugwe wa mgongo wenyewe. Kucha ya kidole cha kati ilipofyatuliwa, dole gumba halikujikunja (jaribio la Hoffmann). Alitembea kisigino kwa kidole kwenye mstari bila kuyumba, akafunga vifungo vya shati haraka, na rifleksi za magoti hazikuwa kali kupita kiasi. Kama moja ya hizo ingekuwa mbaya, asingefaa kuendelea kungoja kwenye kliniki ya nje: ugwe uliobanwa haurudishi kila ulichopoteza.

Kisha vifananavyo. Mkanda wa jeshi unaweza kuunguza mkono mzima siku kadhaa kabla vipele havijatoka. Neva iliyobanwa kwenye kifundo cha mkono hutia ganzi dole gumba, cha shahada na cha kati usiku, lakini haigusi traisepsi. Saratani ya ncha ya pafu kwa mvuta sigara huanza na maumivu ya bega na mkono, ndiyo maana eksirei ya kifua haiepukiki hapa. Kifua kikuu cha uti wa mgongo nacho hakisahauliki katika nyanda hizi, ambako Njombe, Iringa na Mbeya ni miongoni mwa mikoa yenye maambukizi mengi zaidi ya VVU nchini. Na anayetoka kwenye ng'ombe wa Usangu huulizwa pia kuhusu maziwa mabichi, kwa sababu ya bruselosi, ugonjwa wa mifugo. Huyu hakuwa na homa za jioni, hakukonda, kifua kilikuwa safi, kipimo cha VVU hakikuonyesha maambukizi.

Picha, na mtego wa diski ya pili

MRI ilionyesha kipande cha diski kilichotoka nyuma kushoto kati ya C6 na C7, kikiziba tundu la neva. Mfereji wa ugwe ulikuwa na milimita 12 pale palipobana. Chini ya 13 huhesabiwa mwembamba, chini ya 10 ni hatari hasa. Ugwe haukuwa na doa jeupe ndani. Nafasi ya diski ilikuwa imepungua kwa zaidi ya nusu, na CT iliyofuata ilionyesha viungo vya nyuma vya pingili hizo mbili vimechakaa, vina vichipukizi vya mfupa.

Juu yake, kati ya C5 na C6, diski nayo ilikuwa imevimba kidogo. Hapa ndipo karatasi ya majibu humponza mgonjwa. Ripoti husema "diski mbili zina shida", ndugu wanasema "pingili zimesagika", na mtu anajikuta amepangiwa kuunganishwa mahali pawili. Lakini picha za watu wasio na maumivu yoyote, wakishapita miaka 40, mara nyingi huonyesha diski zilizovimba. Mkono wake ulisema C7 tu. Diski ya juu iliachwa, na sababu ikaandikwa kwenye faili, ili atakayemwona baada ya miaka 5 asidhani ilisahaulika.

Kwa nini upasuaji, wakati wengi wenye neva iliyobanwa shingoni hupona ndani ya wiki 6 hadi 12 bila kisu? Kipande kilichotoka nje ya diski mara nyingi hunyauka chenyewe, mwili ukikila taratibu. Huyu alikuwa amefikisha miezi 4. Alitumia amitriptilini miligramu 25 usiku na dawa ya kutuliza uvimbe, akafanya mazoezi tiba wiki 6 na kuacha mzigo kwa muda huo. Maumivu yalipungua kidogo, nguvu ikazidi kupungua. Kudhoofika kunakoendelea ndiko kulikoamua.

Diski bandia, kizimba, au mfupa wa nyonga

Upasuaji wa kupitia mbele ya shingo uliingia kwenye maandishi ya kitabibu miaka ya 1950: Smith na Robinson kwa njia yao, na Cloward kwa yake. Nafasi ya diski ilizibwa kwa kipande cha mfupa, na njia ya kawaida ikawa kukitoa kwenye nyonga ya mgonjwa mwenyewe. Njia hiyo bado inafanya kazi na haihitaji kununua kitu. Ubaya wake uko nyongani: kidonda cha pili, maumivu ambayo kwa baadhi ya watu hudumu kuliko ya shingo, na kipande ambacho kikiwa peke yake kinaweza kuporomoka au kusukumwa mbele. Kwa mtu anayelipa mfukoni tusingekidharau.

Kizimba ni kijisanduku chenye tundu katikati, hujazwa mfupa ili pingili ziungane kupitia humo. Wazo lake, ajabu kidogo, lilianzia kwa farasi: daktari wa mifupa Mmarekani George Bagby alitengeneza kikapu cha chuma cha kuwaunganisha shingo farasi wanaoyumba. Vya leo ni vya titani au vya plastiki ngumu iitwayo PEEK. Titani ni ngumu mara kadhaa kuliko mfupa. PEEK inakaribiana zaidi na ulaini wa mfupa na haizuii eksirei kuona kama mfupa unaota ndani, lakini uso wake ni mtelezi na mfupa haung'ang'anii kama kwenye titani. Kwa hiyo PEEK hurahisisha ufuatiliaji kwa eksirei ya kawaida. Kwa mgonjwa atakayerudi kliniki kwa daladala, mahali ambapo CT haipigwi kila ziara, hilo lina uzito wake.

Diski bandia ndiyo inayovutia kwa maneno: pingili haziunganishwi, shingo inabaki inapinda. Kuna sababu ya kweli ya kuitamani. Ukiunganisha pingili mbili, jirani zake hubeba mwendo wa ziada. Utafiti wa Marekani wa mwaka 1999 uliofuatilia wagonjwa 374 ulikuta asilimia 2.9 kwa mwaka wakipata dalili mpya kwenye diski jirani, karibu robo yao ndani ya miaka 10. Ni kiasi gani kinatokana na kuunganishwa na kiasi gani ni uzee wa shingo yenyewe, mjadala haujaisha. Marekani iliidhinisha diski bandia ya kwanza ya shingo mwaka 2007, na mwaka 2013 ya kwanza kwa nafasi mbili za diski zinazofuatana.

Lakini diski bandia ina masharti, na mgonjwa wetu aliyavunja karibu yote. Viungo vya nyuma vikiwa vimechakaa, kuviachia mwendo ni kuviachia maumivu. Nafasi ya diski ikiwa imeporomoka zaidi ya nusu na pingili hazisogei tena, hakuna mwendo wa kuhifadhi. Isitoshe, hatujui jaribio lolote la diski bandia kwa mtu anayewekewa gunia la zaidi ya kilo 100 kisogoni. Miaka ya 1960 Ulf Fernström wa Uswidi aliweka mipira ya chuma cha pua kwenye nafasi za diski ili kuhifadhi mwendo, na mingi ilizama kwenye mfupa. Vya sasa ni bora mno kuliko mipira ile, ila kanuni haijabadilika: kitu kigumu chenye eneo dogo juu ya mfupa laini, chini ya mzigo mkubwa, kitatafuta njia ya kushuka. Na ikibidi kitolewe, safari ni ya zaidi ya kilomita 800 hadi Dar es Salaam, mteremko wa Kitonga ukiwemo.

Ikaamuliwa: kizimba cha PEEK, kijazwe mfupa wake mwenyewe utakaokusanywa kwenye vichipukizi, na bamba la titani mbele. Kizimba peke yake bila bamba kinakubalika kwa pingili mbili tu, na mtu aliyewekewa bamba humeza kwa shida kidogo zaidi. Hapa bamba lilitakiwa kwa sababu mbili: sigara, inayochelewesha mfupa kuungana, na kazi yake, ambayo hakuna aliyeamini kwamba angeiacha kwa muda aliopangiwa. Hofu hiyo ya pili ilikuja kutimia.

Seti kabla ya siku

Vipandikizi vingi huja kwa mkopo: msambazaji analeta seti nzima, kinatumika kimoja, vingine vinarudi. Seti ikifika asubuhi ya upasuaji kwa basi la usiku, tayari umechelewa. Siku moja kabla huhesabiwa vipimio vya kizimba milimita 5, 6, 7 na 8. Kishikio cha kuingizia, ambacho uzi wake ukiwa umelika kizimba hukwama njiani. Skrubu za kipenyo cha milimita 4 zenye urefu wa 12, 14 na 16. Skrubu za akiba za kipenyo cha 4.5, kwa ajili ya tundu litakalolegea, na bisibisi. Bisibisi ndiyo inayosahaulika. Kichwa cha skrubu cha kampuni moja hakiingii bisibisi ya nyingine, na hilo hugundulika shingo ikiwa wazi.

Skrubu zisizofungwa moja moja huoshwa na kutakaswa kwa mvuke tena na tena hata kama hazijawahi kutumika, na kwenye mashimo ya trei yake damu kavu ya mgonjwa wa wiki iliyopita si kitu cha ajabu. Vyombo vioshwe kwa brashi kwanza. Mvuke haupenyi uchafu. Kuna jambo la nyanda za juu ambalo vitabu vya pwani havilitaji: Mbeya iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka karibu nyuzi 94. Chombo cha mvuke cha kizamani kinachoongozwa kwa geji, bila kipima joto, kikiwekwa kwenye paundi 15 kama maelekezo yanavyosema, hakifiki nyuzi 121. Inatakiwa kuongezwa nusu paundi kwa kila futi 1,000 za mwinuko, yaani kama paundi 18 kwa Mbeya. Mashine za kisasa zinazojiongoza kwa joto hazina tatizo hilo.

Upasuaji

Kabla ya usingizi aliulizwa kama amewahi kupasuliwa rovu. Katika mikoa hii, iliyosumbuliwa na upungufu wa madini joto kwa miaka mingi, swali hilo halipuuzwi: kovu la rovu huweza kuficha uzi mmoja wa sauti uliokwisha kupooza. Ukiingia upande wa pili na kuujeruhi uliobaki, mgonjwa hatapumua. Mwenye kovu huchunguzwa nyuzi za sauti kwanza; uzi mmoja ukiwa umekufa, unaingia upande huo huo.

Alilazwa chali, kitambaa kilichokunjwa chini ya mabega, kichwa kwenye pete, shingo imenyooshwa nyuma kidogo tu. Antibiotiki ya sefazolini gramu 2 ilitolewa ndani ya saa moja kabla ya kukata. Mabega yalivutwa kuelekea miguuni na kushikwa kwa plasta pana, na hapo ndipo kazi yake ilipoleta shida ya kwanza: mabega ya mpakiaji ni mazito, na kwenye picha ya ubavuni ya C-arm (mashine ya eksirei ya thieta) C6 na C7 hazikuonekana kabisa. Kuvuta mabega kwa nguvu zaidi si dawa, maana mishipa ya bega nayo inaweza kujeruhiwa. Suluhisho ni kuweka sindano ya alama kwenye diski inayoonekana, kuhesabu kutoka C2 kushuka, kisha kushuka diski moja moja kwa jicho na kwa kidole. Sindano hukunjwa mara mbili mithili ya ngazi, ili isiweze kuzama hadi kwenye ugwe. Haichomwi ovyo pia: diski yenye afya iliyochomwa kimakosa huelekea kuchakaa haraka.

Mkato ulikuwa wa kulala, sentimita 4, upande wa kulia. Maumivu yako kushoto, na tundu la neva la kushoto huonekana vizuri zaidi ukiliangalia kutoka upande wa pili. Alama ya ngozi ni gegedu ya krikoidi, chini ya kongomeo, inayokaa karibu na C6. Baada ya msuli mwembamba wa platisma, njia ni ya kidole zaidi kuliko ya kisu: ateri ya karotidi inabaki nje, umio na bomba la hewa vinasogezwa ndani, na kati yake kuna tabaka laini linalofunguka hadi mbele ya pingili. Msuli wa omohaidi uliovuka njia ulisogezwa. Misuli ya longasi koli iliinuliwa pande zote mbili, na makucha ya vishikizi yakawekwa chini yake. Yakiwekwa juu yake yatabana umio upande mmoja, na upande wa pili yatakwaruza neva zinazoinua kope.

Vishikizi vilipokaa, mtaalamu wa usingizi alitoa hewa kwenye puto la mpira wa kupumulia, akaijaza upya hadi sentimita 25 za maji. Kazi ya sekunde kumi. Bila hiyo, neva ya sauti inabanwa kati ya puto na chuma kwa muda wote wa upasuaji, na kesho yake mgonjwa anazungumza kwa kunong'ona.

Pini mbili za milimita 14 ziliingizwa katikati ya C6 na C7, kitanuzi kikafungua nafasi kidogo. Diski ilikatwa kwa wembe namba 15, ikatolewa kwa koleo na kureti (kijiko cha kukwangulia). Drili ya milimita 3 ikisafishwa kwa maji iliondoa vichipukizi vya nyuma, na unga wake wa mfupa pamoja na vipande vilihifadhiwa. Ligamenti ya nyuma ilinyanyuliwa kwa ndoano, ikafunguliwa kwa Kerrison, koleo jembamba la kung'ata mfupa, ya milimita 1. Kipande cha diski kilikuwa nyuma yake. Hapa wapo wanaosimama wakiona nafasi imefunguka, wakaiacha ligamenti. Kipande kinabaki, mgonjwa anaamka na maumivu yale yale na kipandikizi kizuri. Neva ya C7 ilifuatwa hadi ndoano ikapita huru kwenye tundu. Mpaka wa pembeni ni ukingo wa pingili uliopinda kwenda juu. Ukiupita, unakutana na ateri inayopanda kwenda ubongoni.

Gegedu ya sahani za pingili (nyuso zake za juu na chini) ilikwanguliwa, mfupa wake mgumu ukaachwa. Hilo ni rahisi kusema. Sahani ya juu ya C7 ilikuwa na mdomo mbele, na ili kizimba kikae bapa drili iliupunguza kwa milimita moja na ushee. Tutarudi kwenye milimita hiyo.

Kipimio cha 6 kilicheza, cha 7 kilishika, cha 8 kilihitaji nyundo. Kuna kishawishi cha kuchagua 8, kwa imani kwamba kikubana ndivyo kitakavyokaa. Lakini kitanuzi bado kimefungua nafasi; kikiachiliwa, kizimba kirefu mno huminywa dhidi ya sahani na kuzama, au huvuta viungo vya nyuma na kumwachia mgonjwa maumivu kati ya mabega. Kikachukuliwa 7, kikajazwa mfupa, kikagongwa taratibu hadi milimita 2 ndani ya ukingo wa mbele. Kitanuzi kikaachiliwa ndipo bamba la milimita 24 likawekwa, kwa skrubu 4 za 14. Kina cha pingili hapo ni milimita 15 hadi 17, hivyo 14 hairuhusiwi kukosewa kuwa 18. Kingo za bamba ziliachwa milimita 6 kutoka kwenye diski jirani juu na chini. Zikikaribia chini ya 5, mfupa huota kuelekea diski hizo. Mtego wa kufungia skrubu ulizungushwa na kutazamwa kwa macho. Mpira mdogo wa kutolea damu uliwekwa, platisma ikashonwa, ngozi ikafungwa.

Usiku wa kwanza

Hatari ya usiku huo ni damu kukusanyika shingoni na kuziba njia ya hewa. Muuguzi wa zamu hupewa mambo ya kutazama: shingo inayovimba, sauti inayobadilika, mgonjwa asiyetulia anayekataa kulala chali, kupumua kwa mluzi. Kipimo cha oksijeni huchelewa. Kikianza kushuka, muda umebaki mdogo. Kando ya kitanda huwekwa mkasi na koleo za kufungulia nyuzi, na ruhusa ya kuzitumia hutolewa mapema: mwinue mgonjwa akae, mpe oksijeni, fungua ngozi, fungua platisma, toa donge la damu kwa kidole, ndipo umpigie simu daktari au huku mwenzako akipiga. Kusubiri kusukuma machela hadi thieta ndiko kunakoua.

Huyu alipita salama. Maumivu ya mkono yalikuwa yameondoka alipoamka. Koo lilimuuma, akala uji na mtori kwa siku 10, na tonge la ugali likapita vizuri wiki ya nne. Ugumu wa kumeza baada ya upasuaji huu ni wa kawaida na kwa wengi huisha ndani ya miezi 3. Asiyeweza kumeza mate, au mwenye homa na hewa chini ya ngozi ya shingo, ni habari nyingine, hapo hutafutwa tundu la umio. Mkewe aliuliza: "Daktari, hicho chuma kitatolewa lini?" Hakitolewi. Titani na PEEK haviharibiki mwilini wala havikatazi MRI baadaye. Alipewa karatasi yenye jina la kipandikizi, vipimo vyake na tarehe, akaambiwa aihifadhi pamoja na cheti cha bima.

Wiki ya 10

Eksirei ya wiki ya 6 ilikuwa nzuri. Kisha msimu wa viazi ukafunguka. Alirudi wiki ya 10 na maumivu ya shingo, lakini mkono haukuwa na shida. Picha: kizimba kimezama milimita 3 kwenye sahani ya juu ya C7, upande wa mbele, skrubu mbili za chini zimezungukwa na utepe mweusi, ishara ya kulegea, ukingo wa chini wa bamba umesogea, sasa uko milimita 4 kutoka diski iliyo chini yake. Alikiri kwamba wiki ya 8 alibeba "magunia machache tu".

Mzigo ndio wa kulaumiwa kwanza, sigara inafuata: alipunguza hadi 4, hakuacha. Lakini kumtupia mgonjwa lawama yote si haki. Sahani ya juu ya pingili ya chini ndiyo dhaifu zaidi kati ya zile mbili, hasa mbele, na ndiyo ile iliyonolewa kwa drili ili kizimba kikae bapa. Chini ya mfupa mgumu kuna sponji. Milimita moja iliyoondolewa ilifungua mlango, gunia likapita. Kizimba chenye umbo linalofuata mdomo wa sahani, au chenye eneo pana zaidi, kingeruhusu mfupa ule kuachwa.

Hakurudishwa thieta. Neva ilikuwa huru, traisepsi ilikuwa imefika 5 pungufu, shingo haikuwa imepinda mbele, na hakuna skrubu iliyokuwa imetoka kuelekea umio. Moja ya hayo lingegeuka, uamuzi ungegeuka pia. Alivaa kola ngumu wiki 6, diklofenaki ikasimamishwa, sigara ikawa sharti na si ushauri, na mwenye mizani pale sokoni akaombwa ampe kazi ya kupima badala ya kupakia. Bila hilo la mwisho, maelekezo mengine yote yangekuwa karatasi.

Mwezi wa 6 CT ilionyesha mfupa umeanza kupita ndani ya kizimba. Mwezi wa 12 daraja lilikuwa limekamilika, na kwenye eksirei mbili, moja ameinama na nyingine ameinua uso, miiba ya C6 na C7 haikuachana hata milimita 1. Skrubu za chini zilibaki na utepe wake, bila kusogea zaidi. Traisepsi 5 kati ya 5. Rifleksi haikurudi. Ncha ya kidole cha kati bado ina ganzi asubuhi za baridi, mwezi wa Juni na Julai hasa, na huisha akishika kikombe cha chai.